Barua ya Udongo

Nyawira alikipakata kiondo chake magotini kama mtu aliyebeba mayai, na kila treni ilipotikisika alikikumbatia zaidi. Ndani ya kiondo mlikuwa na kitambaa cheupe, na ndani ya kitambaa donge la udongo mkavu, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kwa miaka miwili donge hilo lilikaa chini ya nguo zake, katika sanduku la bati alilotoka nalo chuo cha ualimu. Leo lilikuwa linarudi kwa mwenyewe.

"Unakumbatia nini hivyo?" aliuliza Cucu Wakonyo, bibi yake, aliyeketi mbele yake na debe la udongo mbichi katikati ya miguu. "Mwenye mzigo ni mimi, anayetoka jasho ni wewe."

"Si kitu, Cucu."

"Si kitu hakifungwi kitambaani."

Nyawira akageuza uso dirishani. Ruiru ilikuwa imebaki nyuma, na mashamba ya kahawa yalikuwa yameanza kuupisha mkonge. Safari ya Thika haikuwa ndefu, lakini asubuhi hiyo ya Agosti 1959 aliiona ndefu kuliko kwaresima. Wiki iliyopita alikuwa amesoma tangazo lililobandikwa ukutani pale stesheni. Alilisoma mara tatu, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza: watu wa makumbusho ya Nairobi wanarudi, wataonyesha sanaa na maisha ya nchi ya Mesopotamia, ukumbi wa Thika, Jumamosi, siku moja tu.

Siku moja tu. Mara ya kwanza zilikuwa nne.

Mara hiyo ya kwanza, mwaka wa 1957, walikuwa wamefika Ruiru, wakafanya darasa la watu wote katika shule aliyofundisha yeye, Jumamosi nne mfululizo. Alikuja memsabu mmoja, Mzungu mrefu mwenye kofia ya ukindu, aliyewajua watu wa kale kana kwamba alikula nao jana. Alikuja pia kijana Mkamba kutoka Yatta, aliyeyachukua maneno ya memsabu na kuyageuza Kiswahili chepesi. Kijana huyo aliitwa Mulei.

"Nchi hiyo inaitwa Mesopotamia," aliwaambia watu Jumamosi ya kwanza. Alisimama kando ya shuka nyeupe ambapo taa ya picha ilikuwa imetupa mnara mkubwa wa ngazi juu ya ngazi. "Jina lisiwatishe. Maana yake ni nchi iliyo katikati ya mito miwili. Na Thika imekaa wapi, kama si katikati ya Chania na mto Thika? Basi hawa ni majirani."

Watu walicheka. Nyawira naye alicheka, akauziba mdomo kwa kiganja kama alivyozoea. Alipoinua macho alikuta ya Mulei yakimngoja. Yalikaa hapo muda mfupi tu, mfupi kama wa kupuliza mshumaa, lakini usiku huo alisahihisha madaftari ya hesabu na kumpa kila mtoto alama zote.

Jumamosi ya pili memsabu alitaka udongo. Watu wale wa kale, alisema, hawakuwa na karatasi. Waliandika juu ya udongo mbichi kwa tete lililochongwa. Nyawira akamleta Cucu Wakonyo, mfinyanzi aliyejulikana mpaka soko la Thika. Cucu alikuja na debe lake, akakanda, akamwita kila mwanamke achukue tonge. Wanaume walisimama mbali, mikono nyuma, kwa kuwa kwao udongo wa kufinyanga ni wa wanawake. Mwanamume haugusi, wala hasogei vyungu vinapochomwa. Mulei peke yake ndiye aliyekunja mikono ya shati na kutumbukiza vidole.

"Wewe! Toa mkono!" Cucu alipiga ukelele. "Utanipasulia vyungu vyote motoni!"

"Cucu, hiki si chungu. Hii ni karatasi."

"Karatasi ya nani inayochafua nguo hivi?"

"Ya mfalme wa Babeli."

"Basi mfalme huyo alikuwa na mke mvumilivu."

Ukumbi mzima ulivunjika kwa vicheko. Lakini Mulei hakuutoa mkono. Alisawazisha tonge lake mpaka likawa bapa kama mkate, akachonga tete, akamwonyesha Nyawira jinsi ya kulikandamiza bila kuburuta. "Kwa upole, mwalimu," alimwambia. "Udongo unakumbuka kila kitu ulichofanyiwa." Vidole vyao havikugusana, ila vilikaribiana kiasi kwamba Nyawira alihisi joto la mkono wake, na alilikumbuka muda mrefu kuliko neno lolote la memsabu.

Jumamosi ya tatu Mulei alileta kijiwe laini, cha duara, kirefu kama kidole gumba, alichokichonga mwenyewe kwa msumari. Watu wa Mesopotamia, alieleza, walikuwa na mihuri ya namna hiyo. Ukiuviringisha muhuri juu ya udongo mbichi, unaacha picha. Alipouviringisha wake, ilitokea picha ya mwanamke mwembamba mwenye kiondo, mto mmoja huku na mto mmoja kule.

"Huyu ni nani?" Nyawira aliuliza.

"Mtu ninayemwona kila Jumamosi."

"Ana jina?"

"Analo. Sijapata ruhusa ya kulitaja."

Maneno hayo yalifika kwa baba yake kabla ya yeye mwenyewe kufika nyumbani. Mzee Ephantus alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa na mzee wa kanisa. Alimpoteza mkewe wakati Nyawira alipokuwa na miaka mitano, na tangu hapo aliyapenda malango yaliyofungwa. Jumamosi ya nne alisimama mlangoni akiwa na Biblia kwapani.

"Leo huendi."

"Baba, ni siku ya mwisho."

"Ndiyo maana huendi. Nasikia kuna kijana wa Kikamba, anafinyanga udongo kama mwanamke na kukuchorea picha. Na habari zenyewe ni za Babeli. Babeli! Katika Maandiko yote hukupata mji mwingine?"

"Abrahamu naye alitoka huko," Cucu alidakia kutoka jikoni. "Wewe mwenyewe ulitusomea."

"Alitoka, mama. Neno ni kwamba alitoka." Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

Nyawira hakusema neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake tangu utoto. Maneno yalimjaa kifuani, lakini yakifika kooni yaligeuka na kurudi yalikotoka. Aliingia chumbani, akaketi kitandani na viatu vyake miguuni, mpaka jua likapita upande wa pili wa nyumba.

Jioni hiyo mwalimu mwenzake, Selpha, alipita kumwona. Selpha ndiye aliyepewa kazi ya kuchemshia wageni chai, hata asiione shughuli yenyewe. Alimkabidhi donge la udongo lililogandamizwa muhuri ule kila upande, mwanamke na kiondo, mwanamke na kiondo.

"Mulei amesema nikupe," Selpha alisema, akihema. "Amesema uivunje."

"Niivunje?"

"Hivyo hivyo. 'Mwambie Nyawira aivunje.' Lori lilikuwa linanguruma, hakuongeza neno. Mimi sijui mambo yenu, dada, lakini macho yake yalikuwa mekundu."

Selpha hakujua, maana kwao Butere mambo hayo hayapo. Lakini Nyawira alikuwa amelelewa na mfinyanzi. Katika nyumba ya Cucu Wakonyo hapakuwa na neno zito kuliko hilo. Alipokuwa na miaka tisa alimwona jirani mmoja akimtumia mdogo wa Cucu chungu kipya na ujumbe mfupi: kivunje. Kikavunjwa uani mbele ya watu. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili, waliokuwa wakipeana moto kila asubuhi, hawakuamkiana tena hadi mmoja akazikwa. "Chombo kikivunjwa kwa kusudi," Cucu alimfundisha, "undugu nao umevunjwa. Hakuna gundi yake."

Kwa hiyo Nyawira alielewa. Hakwenda siku ya mwisho, Mulei ameona amedharauliwa, naye amemtumia neno la kuachana. Usiku ule alililaza donge kifuani, akalia bila sauti. Ila jambo moja hakulifanya: hakulivunja. Kama Mulei alitaka yaishe, basi yaishe kwa mkono wake mwenyewe. Yeye hatautia wake.

Mwezi uliofuata Selpha alihamishwa. Miaka miwili ikapita. Gachanja mwenye duka alituma washenga mara mbili, na mara mbili Nyawira alitazama chini mpaka wakachoka na kuondoka. Mzee Ephantus aliona, akanyamaza. Aliona pia kwamba binti yake hacheki tena na kuziba mdomo.

Treni ikapiga honi. Walikuwa wameingia Thika.

Ukumbi ulikuwa umejaa, akina mama na vikapu vya soko, wafanyakazi wa viwandani wakiwa bado na ovaroli, wazee waliotoka mbali kama Theta. Juu ya meza kulikuwa na mifano ya vitu vya kale: fahali mwenye ndevu, kinanda chenye kichwa cha ng'ombe, mkufu wa mawe ya buluu. Cucu alichukuliwa mbele kwa heshima, yeye na debe lake. Nyawira alijibanza benchi la nne, nyuma ya mwanamke mnene.

Mulei akatoka pembeni. Alikuwa amekonda. Kola ya shati ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya, na alikuwa na miwani sasa. Sauti ilikuwa ile ile. Nyawira alifumba macho aisikilize, kama mtu anayesikiliza mvua ya kwao akiwa ugenini.

Memsabu alisema sentensi ndefu. Mulei alifungua kinywa aigeuze, na hapo hapo mwanamke mnene akainama kuokota kitu. Macho yao yakakutana.

Memsabu akageuka kumtazama Mulei.

"Memsabu amesema maneno kumi," mzee mmoja wa mbele alilalamika, "na wewe hujatupa hata moja!"

"Samahani, mzee. Amesema..." Mulei alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Amesema tutazame barua zao."

Akachukua donge la udongo kutoka mezani, na Nyawira akakikumbatia kiondo. Lilikuwa sawasawa na lake.

"Watu hawa walipoandika barua," Mulei alisema, polepole, "walikandamiza maneno kwenye kipande kidogo cha udongo, wakakikausha. Kisha wakakipaka vumbi kisishikane, wakakifunika kwa udongo mwingine, kama unavyofunika maiti ya mpendwa, au kama kokwa ndani ya tunda. Hii ya nje ndiyo bahasha. Juu yake wanaviringisha muhuri. Sasa nani atanionyesha jinsi ya kuisoma?"

Watu wa mbele walinyoosha shingo.

"Haifunguliwi. Inavunjwa." Aliligonga donge kwenye ukingo wa meza. Ganda likapasuka, na ndani yake kikatoka kipande kidogo safi chenye alama. Watu wakashangilia. "Kuivunja ndiko kuipokea. Mwenye barua asipoivunja..." Akalitazama benchi la nne.

"Asipoivunja?" mzee yule aliuliza.

"Asipoivunja, mzee, basi hakutaka kuyasikia yaliyomo."

Nyawira hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta nje, nyuma ya ukumbi, penye lori la makumbusho, ameegemea gurudumu, kiondo kifuani. Miaka miwili alikuwa amelala juu ya barua.

Watu walipotoka kwa chai alisikia hatua. Hakugeuka. Alizijua.

"Mwalimu Nyawira."

"Bwana Mulei."

"Umekonda."

"Wewe pia."

"Mimi ni chakula cha bweni la wafanyakazi. Wewe una sababu gani?"

Nyawira alikishusha kiondo. Alifungua kitambaa, akampa aone. Mulei alilitazama donge lile zima, lisilo na hata ufa, yule mwanamke na kiondo akizunguka pande zote kama siku alipotiwa. Uso wake ukafungwa kama dirisha.

"Hukuivunja."

"Sikuivunja."

"Basi nilielewa sawa. Nilijiambia pengine ilipotea. Pengine Selpha alisahau. Kumbe unayo, na umeitunza vizuri, ukakataa tu kuisoma." Alijaribu kucheka. "Asante kwa kuirudisha. Si wengi wanaorudisha."

"Mulei..."

"Kwetu mtu akinyamaza amejibu. Hatuulizi mara mbili. Ndiyo maana sikuandika nyingine."

"Mulei, nisikilize!"

Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka dereva wa lori akachungulia. Nyawira mwenyewe alishtuka. Lakini maneno yalikuwa yameshavuka koo, na safari hii hakuyaita yarudi.

"Mimi sikujua kuna barua! Siku ile sikuja, Baba alinizuia. Selpha alikuwa jikoni, hakusikia habari za bahasha. Aliniambia neno moja tu, kwamba umesema niivunje. Unajua maana yake kwetu? Mimi nimelelewa na mfinyanzi. Ukimtumia mtu chombo cha udongo ukamwambia akivunje, umemwambia usinijue tena. Nilidhani umeniacha. Nilidhani umenitumia neno la kuniacha kwa sababu sikuja."

Mulei alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake imesimama mahali alipokuwa akilia juu ya majivu.

"Na kama ulidhani nimekuacha," aliuliza taratibu, "kwa nini hukuivunja?"

Nyawira alitazama vidole vyake. "Sikutaka yaishe."

Ndani ya ukumbi vikombe viligongana. Mulei alinyoosha mkono, akauacha hewani, akaurudisha.

"Miaka miwili," alisema. "Nimepita Ruiru kwenye treni mara ngapi! Kila mara natazama upande wa pili, upande wa mto, nisiione shule yenu."

"Ungeniona kwenye ua wa shule. Treni za Jumamosi nilikuwa nazisikiliza zote."

"Mko hapa!" Cucu Wakonyo alitokea kwenye pembe ya ukumbi, mikono imejaa udongo hadi viwiko. "Natafuta maji ya kunawa, nami naambiwa mjukuu wangu anapigia wanaume kelele. Wewe si ni yule Mkamba wa karatasi?"

"Ni mimi, Cucu. Shikamoo."

"Marahaba. Na hicho?"

Nyawira akamweleza, machozi yakimkatisha. Cucu alisikiliza mpaka mwisho. Akalichukua donge, akaligonga kwa kifundo cha kidole karibu na sikio, kama anavyovigonga vyungu vyake sokoni.

"Lina mtoto ndani," alisema. "Ungenionyesha siku ile ile, ningekwambia." Kisha akaanza kucheka, cheko la chini lililopanda mpaka likamtikisa mabega. "Ngai wangu! Wewe uliyesoma chuo! Nilikufundisha chombo hakivunjwi. Chombo ni nini?"

"Ni... chungu."

"Chungu ni udongo ulioonja moto. Hiki kimeonja moto?"

"Hapana, Cucu."

"Basi si chombo. Ni tope lililokauka. Umelilia tope miaka miwili!" Alijifuta macho kwa mkono wa nguo, akajipaka udongo kwenye shavu. Cheko likamwisha ghafla. Alimtazama mjukuu wake, akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Maskini mtoto wangu. Na mimi nilikuwa chumba cha pili. Vunja."

Nyawira aliokota kijiwe. Mulei alikishika kitambaa chini ili kisianguke hata kipande. Nyawira akagonga mara moja, kwa upole mno. Akagonga mara ya pili. Ganda likapasuka kwa mlio mkavu, na ndani mwake kikajitokeza kipande bapa, safi kama kilichoandikwa asubuhi hiyo. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa moja moja bila kuburutwa.

NYAWIRA. NATAKA KUJA NA WAZEE. SEMA SIKU.

Nyawira aliyasoma mara tatu, midomo ikicheza.

"Swali hilo ni la zamani," Mulei alisema, bila kumtazama. "Kama limeshaoza, uniambie tu."

"Udongo hauozi."

"Basi lazima ujue jambo lingine. Nimehamishwa. Makumbusho ya Kampala wamenitaka, miaka mitatu. Napanda treni Jumatatu. Lori hili linarudi Nairobi saa kumi, na sikupangiwa kupita tena huku." Akakikunja kitambaa juu ya vipande. "Nisingependa kukuharakisha, Nyawira. Mtu mwenye aibu haharakishwi. Unaweza kuniandikia. Nitangoja barua."

Nitangoja barua. Nyawira alilifikiria sanduku la bati. Aliufikiria ule mlango wa nyumbani, na viatu miguuni, na jua likipita upande wa pili wa nyumba. Barua aliijua sasa. Barua inaweza kulala miaka miwili chini ya nguo.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini?"

"Umeandika niseme siku. Nimesema. Kesho, baada ya kanisa."

Mtu wa kugeuza maneno alikuwa ameishiwa maneno.

"Una wazee karibu?" Cucu aliuliza.

"Mjomba wangu Kiilu yuko hapa hapa Thika, anafanya kazi kiwanda cha mananasi. Atampata mwenzake wa kanisani. Lakini Cucu, mzee Ephantus..."

"Ephantus nimemzaa mimi," alisema Cucu. "Wewe njoo na shati safi. Na kucha. Zisafishe hizo kucha."

Mzee Ephantus alikuwa mezani akinywa chai ya saa kumi na mbili walipofika nyumbani. Nyawira hakungoja aulizwe. Alikiweka kile kipande cha udongo mbele yake, karibu na Biblia.

Mzee aliivuta miwani, akasoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata herufi. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Ni ya yule kijana?"

"Ndiyo, Baba."

"Imekuja leo?"

"Imekuja miaka miwili iliyopita. Ilikuwa imefunikwa, nikashindwa kuisoma. Walieleza namna ya kuisoma Jumamosi ya nne."

Mzee Ephantus aliinua uso. Ilimchukua muda, lakini maana ilifika. Nyawira aliiona ikifika. Mzee aliukumbuka mlango ule aliousimamia. Alitazama kikombe chake kana kwamba chai imebadilika rangi.

"Ndiyo maana Gachanja..." alianza, akaliacha hapo. "Mimi nilikuuliza siku ile. Nilikuuliza unasemaje."

"Nilinyamaza, Baba. Leo nasema. Nampenda. Nimemwambia aje kesho na wazee wake, baada ya kanisa. Nakuomba uwapokee."

Hakuwahi kumwambia baba yake maneno mengi hivyo kwa mara moja. Na hakutazama chini.

"Kesho," baba alirudia. "Wageni wa kuja kesho, na nyumba hii ina mkate nusu." Aliinuka, akaenda hadi dirishani. "Wakamba wanakula nini?"

"Chakula," Cucu alijibu kutoka jikoni.

Mzee Ephantus alikohoa. Nyawira alidhani ni kikohozi, mpaka alipoona mabega yake yakicheza kwa kicheko.

"Mama," alisema, "kamata yule jogoo mwekundu kabla hajapanda mtini."

Walikuja, watu watatu, kucha za Mulei zikiwa safi kama za daktari. Yaliyosemwa Jumapili hiyo yalikuwa ya kubisha hodi tu. Mengine yaliachiwa likizo ya Desemba, Mulei atakaporudi mara ya kwanza kutoka Kampala. Mzee Ephantus alimuuliza maswali mengi juu ya Abrahamu, mpaka chai ikapoa. Jumatatu treni ikamchukua kutoka kwa mjomba wake Thika, aende Nairobi akapande ya Kampala. Nyawira alisimama kwenye uzio wa shule na watoto wa darasa la pili, na safari hii mtu mmoja alitazama upande wa shule, akapunga kofia mpaka daraja likamficha.

Jumatano Cucu Wakonyo alichoma vyungu. Aliwafukuza wanaume wote uani, na mwanawe mzee wa kanisa akiwemo. Vipande vya ile bahasha alikuwa ameshavitia majini vilainike. "Hivi vitakuwa chungu cha Desemba," alisema. Lakini barua yenyewe aliilaza katikati ya majani makavu, ndani ya chungu kikubwa, kama anayelaza mtoto.

Moto uliwaka mpaka alasiri. Majivu yalipopoa, Cucu aliitoa kwa vijiti, akaipuliza, akaishika karibu na sikio la mjukuu wake. Ilikuwa nyekundu sasa, rangi ya barabara ya Ruiru baada ya mvua. Akaigonga kwa kifundo cha kidole.

Ikalia, mlio mwembamba na mrefu, bila ufa.

"Sasa ni chombo," Cucu alisema, akaiweka mikononi mwa Nyawira ingali na joto. "Hii usiivunje."